Mwezi wa Tiketi na Mwezi wa Serikali

Ninyi vijana wa stoo ya waya hapa Eldoret mliniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijafunga mizigo kwenda kwetu Kimilili. Nimekubali, ingawa sababu yenu naijua. Hamna haja ya kujua nilivyopanda nguzo za simu. Mnataka nimalize ule ubishi wenu wa saa nne, mnapokunywa chai mmekalia magurudumu ya waya: nani analipa haki, serikali au kampuni za watu binafsi. Wawili kati yenu mmeshanong'onezwa na kampuni. Majina yenu nayajua, lakini siyaandiki, kwa sababu sijui karatasi hizi zitapita mikononi mwa nani. Ndivyo nilivyo, na kazi hii imenizidishia.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Vyeo vilikuwa vichache na pesa zilikuwa kidogo, kwa hiyo hamkosi kitu. Nitaeleza zaidi lile lililonipata nikiwa kijana kama ninyi, nilipoacha serikali nikaenda kwa Kaburu mwenye kiwanda cha mbao, nikiamini kwamba hakuna mtu anayeweza kunidanganya. Na kweli hakuna aliyenidanganya. Shida ilianzia hapo.

Nilifika Eldoret wakati watu bado wanauita mji huu Sisibo, kwa sababu ya namba ya shamba lililokuwa hapa kabla ya mji, sitini na nne, ambayo Wazungu waliitamka "siksti-foo". Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na Kiingereza cha kutosha kusoma maandishi ya kwenye sanduku la vifaa. Barabara ilikuwa matope, na magari ya ng'ombe ya Makaburu yaliziba njia kila siku ya soko. Nilipelekwa kwa Mzee Okumu, Mjaluo mfupi mwenye mabega mapana, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa mafundi wote Waafrika kwenye laini za Soy na Plateau. Alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso. Baadaye aliniambia kwamba uso haupandi nguzo.

Siku hiyo ya kwanza alinipa vyuma vya kupandia, plaisi na mkanda wa ngozi, ule unaozunguka nguzo na kukushika kiunoni. Akaniuliza kama mkanda ni mzima. Niliugeuza, nikauvuta kidogo, nikamjibu kwamba ni mzima. Aliuchukua, akaukunja pale kwenye bakali, kile chuma cha kufungia, akauvuta mara moja tu, ukakatika vipande viwili. Chini ya chuma ngozi ilikuwa imeliwa na jasho la miaka.

"Nani alikwambia ni mzima?" akauliza.

"Nimeona, Mzee."

"Umeona ngozi. Chini ya chuma hukuona. Sasa ungekuwa marehemu, na mimi ningekuwa na sida ya kutafuta kijana mwingine."

Nilikuja kujua kwamba mkanda ule mbovu aliuweka makusudi kwa ajili ya wageni. Tangu siku hiyo sikumwamini mtu aliyeniambia kwamba kitu ni kizima. Sikuamini ngazi, sikuamini fundo nililofunga mwenyewe jana yake, na baada ya muda sikuamini hata chai niliyopikiwa na mwenzangu wa chumba. Mke wangu Rasoa husema kwamba alinitoa nyumbani nikiwa kijana mzuri, na Mzee Okumu akamrudishia askari kanzu.

Lakini ile tabia ilisaidia kazi. Kulikuwa na laini moja ya upande wa Soy iliyokuwa inakufa kila asubuhi na kufufuka mchana bila kuguswa na mtu. Tuliwashuku wezi wa waya, wale waliokuwa wakitengenezea bangili. Tulishuku punda milia, ambao walipenda kujikuna kwenye nguzo zetu mpaka zinaegemea. Mama wa Kizungu mwenye shamba aliapa kwamba hakuna kinachogusa waya. Tulitembea laini nzima mara mbili na hatukuona kitu, kwa sababu tulikuwa tunapita mchana. Mara ya tatu tulipita alfajiri, tukamkuta mpishi wa yule mama akianika nguo. Alikuwa amefunga waya wake wa kuanikia kutoka kwenye mti mpaka kwenye waya wetu, na nguo zilikuwa mbichi zinachuruzika. Zikikauka, simu inapona. Mzee Okumu alimuuliza kwa nini alifunga pale, na mpishi akajibu kwa adabu kabisa kwamba ule waya aliukuta umekaa tu, haufanyi kazi yoyote.

Jambo lingine mnalolijua ni kwamba ukiwa juu ya nguzo, ili ujue laini ni nzima lazima uunge simu yako ndogo kwenye waya na usikilize. Na ukisikiliza utawasikia watu. Mzee Okumu alinifundisha kwamba fundi husikia sauti tu, hasikii maneno. Nilimwitikia. Sijui kama yeye mwenyewe aliweza, kwa maana alikuwa na habari nyingi za mji kuliko mchungaji.

Sasa nije kwenye ubishi wenu, ambao nao si mpya. Enzi hizo serikali ilitulaza kwenye landhi, nyumba zake za wafanyakazi, wanaume wanne chumba kimoja, na wake hawakuruhusiwa kukaa. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikutana na watu wa mashambani na wa viwandani waliokuja mjini kununua sabuni, na hapo mishahara inaanza kulinganishwa. Sisi wa serikali tulihesabu koti la mvua, blanketi, dawa za bure na likizo. Wao walihesabu posho ya unga, maziwa, kuni na nyumba. Wote tulikuwa waongo. Watu wa serikali walipunguza ili wasiombwe mkopo, watu wa mashamba waliongeza ili wasichekwe. Nilikaa nikiwasikiliza, na kila aliyetaja shilingi nilimpunguzia au kumwongezea kimoyomoyo kulingana na viatu vyake.

Mimi koti na blanketi havikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba Rasoa alikuwa Kimilili na mtoto wetu wa kwanza, Nekesa, na mimi nilimwona mtoto huyo wakati wa likizo tu. Likizo moja nilifika nyumbani na lile koti la serikali, na Nekesa aliponiona akakimbilia nyuma ya nyumba. Alidhani nimekuja kukusanya kodi. Watu wa nyumbani walicheka sana. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda kukaa peke yangu kwenye boma la ng'ombe, kwa sababu nilikuwa nataka kulia.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyotega masikio siku nilipotumwa kutengeneza simu ya kiwanda kimoja cha kupasua mbao, mbele ya Plateau. Mwenye kiwanda alikuwa Kaburu mrefu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Taratibu. Hapigi mtu, hapigi kelele, na akikuita anangoja umalize unachofanya. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Alisimama chini ya nguzo akinitazama nikifanya kazi, na niliposhuka akanipa chai kwenye kikombe kizima.

"Serikali nalipa wewe kidogo," akaniambia. "Mimi nalipa zaidi kila mwezi. Mimi nataka mtu wa waya na injini. Na nyumba iko. Bibi yako nakuja kaa, na toto."

Kisha akataja mshahara. Ulikuwa mkubwa kuliko wangu, na si kwa kidogo. Mwingine angeruka. Mimi nilimwambia nitafikiri, nikaanza kutafuta mahali mtego ulipofichwa.

Nilirudi kule Jumapili tatu mfululizo kwa baiskeli ya kuazima. Nyumba niliikagua ndani na nje, nikasukuma kuta, nikapanda juu ya paa la nyasi kama mwizi. Unga wa posho niliuonja na kuunusa, nikaomba kuona kipimo chao, nikajaza na kumwaga mbele ya nyapara. Niliuliza watu watano, mmoja mmoja, mbali na wenzao, kama Bwana Taratibu husaini kipande mtu akitaka kuondoka. Vijana hamkuvaa kipande, ile karatasi ya kazi ya kuning'inizwa shingoni, lakini mnajua kwamba mtu aliyekuwa na kipande kisichosainiwa alihesabiwa mtoro, na mtoro alitafutwa na polisi. Wote walisema anasaini. Niliuliza kama kuna kiboko, wakasema hakuna. Niliuliza kama pesa huchelewa.

Swali hilo la mwisho nilimuuliza nyapara mwenyewe, Kibet, Mnandi mnyamavu wa makamo ambaye alikuwa kiwandani tangu injini ilipoletwa. Alinijibu bila kusita kwamba mwezi ukiisha mtu analipwa siku hiyo hiyo, na kwamba hajawahi kuona Bwana Taratibu akimnyima mtu mwezi uliokwisha. Nilimwangalia machoni. Hakuwa anadanganya. Na mimi nilikuwa najivunia kwamba mwongo namjua.

Nilimweleza Mzee Okumu. Alikasirika siku nzima, akawa ananipa nguzo zilizooza. Jioni akaniuliza kama nimeangalia kila kitu. Nikasema kila kitu, mpaka paa. Akasema basi niende, na yeye hataharakisha kutafuta mtu wa kuziba nafasi yangu, kwa sababu watu wapya walikuwa wanaanguka sana mwaka ule. Niliaga serikali kwa utaratibu wake, kipande kikasainiwa, nikapeleka habari nyumbani.

Rasoa na Nekesa walishuka kwenye gari la moshi wakiwa na sufuria, kuku wawili na mkeka. Sitaki kuficha, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeizoea. Asubuhi niliamka nikasikia mtu akifagia uwanja wangu. Nekesa alinizoea polepole kama ndama anavyomzoea mtu mpya, kwanza akinitazama kutoka mlangoni, kisha akikaa karibu, mwisho akawa ananyang'anya nyama kwenye sahani yangu. Kazi ilikuwa nzuri. Niliangalia simu, kengele za kiwandani na nyaya za injini, na msumeno mkubwa ulipopasua gogo harufu ya mbao ilifika mpaka nyumbani kwetu. Hata furaha hiyo niliichunguza, nikitafuta ilipopasuka.

Mwisho wa mwezi ulifika. Jumamosi watu wachache waliitwa kwenye meza ya mshahara, jina langu halikuitwa. Nilidhani ni kwa sababu mimi mgeni. Juma lililofuata wakaitwa wengine, jina langu halikuitwa. Nilikwenda kwa Kibet nikiwa nimeshapanga maneno makali, maana sasa mwongo nilikuwa nimempata. Alikuwa anapaka mafuta mnyororo.

"Mwezi wangu umeisha zamani," nikamwambia. "Nilipwe."

"Mwezi yako bado," akasema. "Iko siku nane bado."

"Siku nane gani? Hata mwezi mpya umeshaandama."

Aliacha mnyororo akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Zakayo, hiyo ya kuandama ni mwezi ya serikali. Hapa mwezi ni tiketi. Siku thelathini ya kazi. Ukifanya kazi naandikwa, usipofanya haiandikwi. Wewe hukujua hii?"

Nilikuwa najua tiketi. Nani hakujua? Vibarua wa mahindi walilipwa kwa tiketi, wavuna ngano pia. Lakini mimi nilikuwa fundi, nimetoka mahali ambapo mwezi huisha wenyewe hata ukiwa umelala, na neno mwezi sikuwahi kulitilia shaka. Nilionja unga na kupanda paa, na neno lile nililitamka mwenyewe mara nyingi mbele ya watu, nao wakanijibu ukweli. Kibet aliposema mwezi ukiisha mtu analipwa, alikuwa anasema kweli tupu. Ila mwezi wake na wangu haukuwa mmoja.

Jumapili hazikuandikwa. Mvua ikinyesha magogo hayavutwi, haiandikwi. Mkanda wa injini ukikatika kiwanda kizima kinakaa kikingoja mwingine utoke mjini, haiandikwi, hata kama wewe ndiye unayehangaika kuutengeneza ule uliokatika. Niliugua homa nikalala, haikuandikwa pia. Mwezi wa kwanza kule ulinyooka mpaka ukala karibu nusu ya mwezi wa pili. Nilipogawanya ule mshahara mkubwa kwa mwezi ule mrefu, ulirudi palepale ulipokuwa mshahara wangu wa serikali. Ulifanana nao mno. Mpaka leo najiuliza nani aliufanya ufanane hivyo, na sitaki kuambiwa ni bahati.

Nilikwenda kwa Bwana Taratibu. Alinikaribisha, akangoja nimalize. Alishangaa kweli, au alijua kushangaa. Akasema sikuuliza. Akasema kama serikali ni nzuri, mbona serikali hainipi mahali pa kumlaza mke wangu. Hapo alikuwa amesema ukweli mwingine. Watu wa aina hiyo ni wagumu sana kuwachukia, na mimi nilijitahidi.

Nikajiambia basi, tofauti ni nyumba. Serikali inalipa mwezi mfupi bila mke, Kaburu analipa mwezi mrefu na mke. Nitachukua mke. Niliridhika hivyo kwa tiketi mbili, nikawa hata namtetea Kaburu mbele ya wenzangu wa landhi tulipokutana mjini, ambao sasa walinishuku mimi.

Ndipo pareto ikakomaa. Bwana Taratibu alikuwa na shamba la pareto nyuma ya kiwanda, yale maua meupe ya dawa ya wadudu. Asubuhi moja Kibet alisimama mlangoni kwangu, hakuingia, akatazama chini. Alisema wanawake wote wa kwenye nyumba wanatakiwa shambani, kila siku mpaka maua yaishe, na malipo ni ya kikapu. Nilimuuliza na asiyetaka? Akasema nyumba ni ya watu wa kazi. Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani aliona haya, kwa sababu mke wake mwenyewe alikuwa amekwisha kupita na kikapu chake.

Rasoa alikwenda. Alichuma na Nekesa akiwa amekaa kwenye tuta, na jioni alirudi vidole vimebabuka. Malipo ya kikapu hayakununua hata chumvi ya juma. Nilizunguka nyumba nikilaumu, nikimlaumu Kaburu, Kibet, injini, mpaka Mzee Okumu ambaye hakuwepo. Nilisema nitamshtaki, nilisema nitaandika kwa mkubwa wa wilaya. Rasoa alikuwa anamwosha mtoto miguu. Aliniacha nimalize, kama Bwana Taratibu.

"Baba Nekesa," akasema, "wewe unatafuta nani amekuibia. Mimi natafuta nani atalima kwetu. Mvua imeanza Kimilili na shamba letu limelala."

Nikamwambia shamba lingoje.

"Likingoja tutakula nini? Mshahara wako ukiisha huwa tunakula nini?"

Tulikuwa tunakula mahindi yake. Gunia alilokuja nalo kutoka nyumbani ndilo lililotuvusha ule mwezi wa kwanza ulionyooka. Posho ilikuwa ya mtu mmoja. Nilikuwa nimeipima kwa kipimo, nikahakikisha haikupunjwa, na haikupunjwa kweli: ilikuwa kamili, ya mtu mmoja.

"Jembe ni lile lile," Rasoa akasema. "Huku nalima la Kaburu. Kule nalima langu. Mimi na mtoto tutarudi. Wewe maliza tiketi yako, usije ukafungwa."

Hatukugombana. Niliomba abaki mpaka tiketi iishe, akakataa kwa sababu ya mvua. Niliwasindikiza mpaka stesheni. Nekesa alikuwa amezoea kwamba ninapokwenda kazini narudi jioni, kwa hiyo aliniaga kwa furaha tu, akanipungia mkono dirishani akicheka. Ingekuwa afadhali angelia. Nilirudi kiwandani kwa miguu ingawa njia ni ndefu, na siku hiyo haikuandikwa.

Nilimaliza tiketi. Bwana Taratibu alisaini kipande changu bila neno baya, akanishika mkono. Mzee Okumu alinipokea kama mtu aliyekwenda chooni akachelewa, akanipa mkanda, na mimi nikaukunja pale kwenye bakali nikauvuta kabla hajaniuliza. Alicheka siku ile. Alikufa miaka kadhaa baadaye, kitandani, jambo ambalo kwa fundi wa enzi zake lilikuwa heshima.

Nilikaa serikalini tangu hapo, na mwezi wangu ukawa unaisha wenyewe. Lakini nitawaambia nilichosikia siku moja nikiwa juu ya nguzo, kwa sababu Mzee Okumu hayupo wa kunikataza. Sina ushahidi, nina masikio tu. Walikuwa Wazungu wawili, mmoja wa shambani na mmoja wa ofisi ya mjini ambayo siitaji. Wa shambani alilalamika kwamba watu wa serikali wanazunguka na makoti mapya na kuwatia vibarua wake tamaa. Wa ofisini akamtuliza. Akasema mishahara yetu haipangwi bila kuangalia yao kwanza. Halafu akaongeza kwamba, kwa vyovyote, mtu akiwa mjini anajilisha peke yake, maana mke wake ana shamba huko rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Waafrika, na anajitegemea.

Niliteremka nikakaa chini ya nguzo. Serikali iliangalia shamba kabla ya kutulipa, na shamba likaangalia serikali. Sisi nasi kila Jumapili baada ya kanisa tuliangaliana wenyewe kwa wenyewe, koti na posho, tukitafuta nani ameficha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia Kimilili.

Miaka yote iliyofuata nilirudi kutoka likizo na gunia la mahindi la Rasoa, na kati ya likizo alinitumia jingine kwa gari la moshi. Mwaka mmoja mvua ilikosekana kwetu, gunia halikuja, na mwaka huo nilijua mshahara wa serikali unanunua nini hasa. Nekesa aliolewa nikiwa nimekaa naye, nikijumlisha likizo zote, muda ambao haufiki hata ule mtu anaokaa na mtoto wa jirani. Ananiheshimu sana. Huniamkia kama anavyomwamkia mchungaji.

Mlikuwepo wote siku ya kuniaga, kwa hiyo mnakumbuka. Rasoa alikuja ofisini kwa mara ya kwanza maishani mwake, amevaa kitambaa kipya, akakaa kwenye kiti cha mbele akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Bwana mkubwa, yule Mzungu wa ofisi yetu, alisimama, akasema kwa kile Kiswahili chao kwamba Zakayo ni mtu mwaminifu, na mama asiwe na huzuni, kwa maana serikali nalisha bwana yako miaka mingi, nalisha yeye vizuri, sasa narudisha yeye kwako mzima.

Rasoa aliinuka, ingawa hakuna aliyemwomba aseme.

"Bwana," akasema, "huyu nimemlisha mimi."

Bwana mkubwa alicheka sana, akapiga makofi, na ninyi nyote mkacheka na kupiga makofi pamoja naye. Nilimtazama Rasoa. Alikuwa bado amesimama, anangoja mmalize, ili arudie.